Beni: Vita Vilivyorudiwa Uwanjani

Beni ni ngoma ya mashindano iliyozaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikapata jina lake kutokana na bendi za kijeshi za Wazungu, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaenea Tanganyika yote kama tamthilia ya vita, isiyo na maandishi wala jumba, ikichezwa katika kiwanja kilichofagiliwa huku watazamaji wamesimama duara.

Ufipa, kusini magharibi mwa Tanganyika, iliviona vita hivyo kwa karibu. Mwezi Juni 1916 Waingereza waliiteka ngome ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo kando ya Ziwa Tanganyika, baada ya Wajerumani kuponyoka usiku kwa mitumbwi. Na tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya mapigano kukoma Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala ya Zambia, kusini mwa mpaka wa Ufipa, akiwa na askari Waafrika 1,168 pamoja na kundi kubwa la wapagazi. Hao wapagazi, waliobeba risasi, chakula na majeruhi, ndio walioteseka zaidi, kwani maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Beni ilichezwa kambini, na waliorudi vitani waliieneza hadi Rhodesia ya Kaskazini, ambako iliitwa mbeni, ikachezwa katika miji ileile ya migodi ya shaba ambayo vijana wa Ufipa nao waliiendea kutafuta kazi.

Vyama vikuu vya beni vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, na kila kimoja kilikuwa na mfalme wake, gavana, majenerali, makapteni na madaktari. Uwanjani palionyeshwa gwaride: safu zilizonyooka, kaptura zilizopigwa pasi, fimbo iliyobanwa kwapani kama ya afisa, na amri iliyotolewa kwa sauti kali na kutiiwa papo hapo. Kuna waliosema kwamba huko kulikuwa ni kumwiga Mzungu tu, lakini maoni hayo hayawatendei haki wachezaji, kwa sababu mtu aliyekuwa akichapwa viboko kwa kuchelewa na mzigo sasa ndiye aliyetoa amri mbele ya jamaa zake, na cheo chake hakikuishia uwanjani, kwani chama kilipokea wageni, kilisaidia wagonjwa na kilizika wafu wake.

Serikali ya kikoloni ilivitilia shaka vyama vilivyounganisha mji na mji bila kujali kabila, na wamisionari wengi waliwakataza waumini wao kuvifuata. Wachimba migodi walipogoma mwaka 1935 na sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, Rhodesia ya Kaskazini, mbeni ilitajwa miongoni mwa njia zilizoshukiwa kupitisha habari za mgomo.

Sura ya mbeni ilibaki katika kalela, ngoma ambayo mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliitazama Luanshya mwaka 1951 na kuiandikia kitabu. Alimkuta humo daktari mwenye vazi jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani, na muuguzi, mwanamke pekee katika kundi, ambaye aliwapitia wachezaji mmoja mmoja akiwa na kioo na leso, ili kila mtu afute jasho na kuutazama uso wake.