Niulizeni Mnachomuuliza Yeye

Daftari lenyewe ni kaunta buku ya kwaya tatu, ile yenye jalada gumu jeusi ambayo wenye maduka huandikia madeni. Kila ukurasa umepigwa mstari wa wino katikati, kutoka juu hadi chini. Upande wa kushoto yameandikwa maswali ambayo mwenye daftari aliulizwa. Upande wa kulia ni maswali waliyoulizwa wanaume wawili waliotia nia pamoja naye, siku hiyo hiyo, mbele ya wajumbe wale wale wa chama chao.

Nilifika kwake Muheza kwa habari ya machungwa na bei yake, na habari hiyo niliiandika ikaisha. Hili daftari ndilo lililogoma kuniacha.

Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mwenye stashahada ya ualimu. Alikuwa diwani wa viti maalumu kwa vipindi viwili, kisha akaamua kuchukua fomu ya udiwani wa kata. Ameomba jina lake, kata yake na chama chake visiandikwe, kwa sababu watu waliomo kwenye daftari ni majirani zake. "Hawa ndio watakaonizika," alisema. "Sitaki kuwaaibisha. Nataka tu yasomwe."

Basi tuyasome. Upande wa kulia, wanaume wanaulizwa barabara ya kutolea machungwa itachongwa lini. Wanaulizwa zahanati ambayo wananchi wameijenga kwa nguvu zao mpaka kwenye linta, halmashauri itaiezeka mwaka gani. Wanaulizwa ushuru wa mazao unakwenda wapi, maji ya bomba yalikatikia wapi, ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa nini inazunguka kwenye vikundi vile vile. Ni maswali mazuri, ya watu wanaoijua shida yao. Majibu hakuyaandika, anasema hayakuwa na haja ya kuandikwa.

Upande wa kushoto mwandiko ni ule ule wa ubaoni, ulionyooka. Mumeo amekubali? Ukigongewa usiku kuna mafuriko utatoka na nani? Wewe si umeolewa hapa, kwenu si Handeni? Ukiachika je, kata utaiacha na nani? Vikao vya halmashauri vikichelewa utalala wapi? Kwa nini unaacha kiti chenu cha wanawake unakuja kugombania hiki? Ukishinda, mzee tutamwitaje?

Pembeni mwa baadhi ya maswali ameweka herufi K. Nilidhani ni alama ya kusahihishia, kama walimu wafanyavyo. Akanieleza kwamba ni K ya kike: swali hilo liliulizwa na mwanamke mwenzake. Zipo nyingi kuliko nilivyotarajia. Hakuonyesha kinyongo. "Hao ndio waliowahi kuulizwa maswali hayo majumbani mwao," alisema, "kwa hiyo wanayajua. Walikuwa wananipima kwa kipimo walichopimiwa wao."

Kisha upo ukurasa mmoja ambao nimeusoma mara nyingi zaidi ya mingine. Katika tawi moja mjumbe alisimama akamuuliza, yeye peke yake, ana elimu gani. Wenzake hawakuulizwa, ingawa mmoja wao, kwa maelezo yake, aliishia darasa la saba na mwingine kidato cha pili. Akajibu: mwalimu, stashahada, miaka thelathini na kitu ya kufundisha, kumi ya kukaa kwenye baraza la madiwani. Mstari unaofuata ameandika maneno yaliyosemwa na mjumbe mwingine baada ya jibu lake, bila kuongeza lolote: "Msomi huyu atatudharau."

Hapo ndipo mjadala wetu wa kila siku unaponishinda. Kila linapotajwa suala la mwanamke kuongoza nchi, tunajibiwa kwa sauti ya busara kwamba tusiangalie jinsia, tuangalie sifa. Nani atalipinga hilo? Lakini katika kata ile sifa ilitafutwa kwa mtu mmoja tu kati ya watatu, na ilipoonekana ipo ikageuzwa kuwa dosari. Kama angekuwa hana, angekosa. Alikuwa nayo, akakosa. Alipata kura chache kuliko wote wawili.

"Mimi sikuomba nipewe kwa sababu ni mwanamke," aliniambia, na hapa sauti ilipanda kwa mara ya kwanza. "Kupewa nilishapewa, miaka kumi, nikaona kinachotolewa. Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ni diwani wa kata. Mimi naitwa mheshimiwa, nakaa pembeni. Nikisema barabara, wananiambia mama, shughulikia vikundi vya kina mama. Niliomba jambo dogo: niulizeni mnachomuuliza yeye. Nikishindwa kujibu habari ya barabara, ninyimeni kura kwa barabara."

Katiba yetu, kwa kweli, inauliza machache. Ibara ya 39 inamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe amependekezwa na chama chake, na awe na sifa za kuwa mbunge. Ukiifuata sifa ya mbunge hadi Ibara ya 67, utakuta elimu inayotakiwa ni kujua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Shahada haitajwi. Wakenya wanamtaka mgombea urais awe na shahada. Waganda wanataka walau elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Jinsia haizuii popote kati ya hapo.

Wapo wanaotaka nasi tuongeze shahada. Ninawaelewa, maana bajeti ya nchi si kitu cha kuachiwa mtu asiyeweza kuisoma. Ila nchi hii ina kumbukumbu yake kuhusu sifa. Uchaguzi wa kura tatu wa 1958 ulimruhusu kupiga kura mwenye kipato fulani, au elimu fulani, au cheo fulani. Karatasi haikusema Mwafrika asipige kura. Ilitaja vitu ambavyo Waafrika wengi walikuwa wamenyimwa, ikaacha hesabu ijifanye yenyewe. TANU iliingia katika uchaguzi ule kwa uchungu, baada ya mvutano mkali katika mkutano wa Tabora. Na nguvu ya TANU mitaani ilikuwa imejengwa kwa sehemu kubwa na Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ambaye hakusoma zaidi ya shule ya msingi, aliyeanza mwaka 1955 kupita kwenye vikundi vya kina mama vya Dar es Salaam akiandikisha wanachama kwa maelfu. Kwa kipimo cha vyeti, mwanamke yule asingepata hata ukarani.

Watu wa Liberia walikutana na swali hili uso kwa uso mwaka 2005. Upande mmoja Ellen Johnson Sirleaf, mchumi aliyesoma Harvard. Upande wa pili George Weah, aliyewahi kuwa mwanasoka bora wa dunia, ambaye wapinzani wake hawakuacha kumsema kwa elimu yake. Weah aliongoza duru ya kwanza, Sirleaf akashinda ya pili, akawa mwanamke wa kwanza barani kuchaguliwa kuwa rais. Miaka 12 baadaye wapiga kura wale wale wakamchagua Weah. Kila mwenye hoja anaweza kuchota humo anachokitaka.

Mwalimu wangu wa Muheza hakuvutiwa na habari za Liberia. Aliligeuza daftari, akanionyesha ndani ya jalada la nyuma, ambako ameandika kwa kalamu nyekundu: Ibara ya 51(2). Alitaka niisome mwenyewe, na kwa kuwa nakala yake ya Katiba ilikuwa mezani, nikaisoma.

Ibara hiyo inamwelekeza Rais amteue Waziri Mkuu kutoka miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa katika majimbo, wa chama chenye wabunge wengi. Wa majimbo. Mbunge wa viti maalumu hamo. Awe profesa, awe amekaa bungeni vipindi vitatu, awe ameongoza wizara nzito na kuiweka sawa, uwaziri mkuu hauwezi kumfikia. Na katika Bunge la 2020 viti maalumu vilikuwa 113, ilhali wanawake walioshinda majimboni hawakufika hata thelathini. Kwa hiyo wengi wa wanawake waliokaa katika Bunge lile walikuwa wameingia kwa mlango ambao Katiba yenyewe inasema haufiki kwenye kiti hicho.

Najua utetezi wa ibara hiyo, na si wa kipuuzi. Waziri Mkuu ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali bungeni. Awe ametoka kwa wananchi, awe anajua maana ya kurudi jimboni na kuzomewa. Hata wabunge wanaume wa kuteuliwa na Rais wamezuiwa na ibara hiyo hiyo. Lakini wabunge wote wa kuteuliwa hawazidi kumi, na angalau watano kati yao lazima wawe wanawake. Uzito wa kifungu unaangukia upande mmoja, ingawa hakuna neno hata moja ndani yake linalotaja mwanamke.

Tangu 1961 hatujawahi kuwa na mwanamke Waziri Mkuu. Burundi walikuwa na Sylvie Kinigi mwaka 1993. Rwanda, mwaka huo huo, walikuwa na Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa mwanzoni mwa mauaji ya kimbari ya 1994. Msumbiji walikuwa na Luísa Diogo, Uganda wakamteua Robinah Nabbanja mwaka 2021, na Kongo wakamteua Judith Suminwa Tuluka mwaka 2024. Katika pande nyingi za mpaka tunazozitazama, jirani ametutangulia.

"Lakini tuna Rais," nilimwambia.

"Tunaye," alijibu. Akanyamaza kidogo. "Niulize alifikaje."

Alifika kwa Ibara ya 37, inayomfanya Makamu kuwa Rais pale Rais anapofariki. Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya kifo cha John Magufuli, akawaambia wenye mashaka na mwanamke kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais. Safari yake inajibu wengi wanaobeza viti maalumu: aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti hivyo, akawa waziri, na 2010 akagombea jimbo la Makunduchi akashinda. Umakamu nao una sharti lake: Katiba inataka Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande mwingine. Nimesikia watu wengi wakililalamikia kundi la viti maalumu kuwa ni upendeleo. Sijasikia wengi wakiliita sharti hilo la Muungano upendeleo. Tunakubali kwamba asili ya mtu inaweza kuwa sifa ya uongozi, pale tunapoona kuna kitu kikubwa cha kulinda.

Mwaka 2015, kwenye mkutano mkuu wa CCM wa kumpata mgombea urais, majina matatu yalifika mwisho, mawili ya wanawake: Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Amina Salum Ali, aliyekuwa balozi wa Umoja wa Afrika nchini Marekani. Wote wawili, kura zao zikijumlishwa, hawakufika asilimia 15. Sifa zilikuwapo mezani siku ile.

Na mwaka 2025, jina la mwanamke lilipokuwa juu ya karatasi ya urais likiwa na chama tawala nyuma yake, karatasi yenyewe ilikuwa pungufu. CHADEMA haikuwamo, mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo aliondolewa. Tume ya uchaguzi ilitangaza ushindi wa zaidi ya asilimia 97, intaneti ikiwa imezimwa na watu wakiwa wameuawa barabarani. Siwezi kuandika habari ya mwanamke na urais nchini mwangu nikaziruka siku zile.

Nilimuuliza mwalimu anazionaje. Alichukua muda mrefu kujibu. "Mwanangu, mimi nililia nilipoziona zile kura zangu chache. Lakini nilishindanishwa. Mtu aliniona, akanisikia, akaninyima. Ninachotaka kujua kabla sijafa ni kama Watanzania, wakiachwa wachague kati ya watu wote wanaotaka kuchagua, watampa mwanamke. Sijui. Hilo bado hatujaliuliza."

Kuhusu ibara yake nyekundu alikuwa na haraka zaidi. Kuibadilisha kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba iliwahi kupendekeza kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, jambo ambalo lingeufuta ugomvi huu mzima. Kura ya maoni juu ya katiba mpya iliahirishwa mwaka 2015 na haijapigwa hadi leo. Lakini marekebisho ya kifungu kimoja hayahitaji katiba mpya. Wabunge wa viti maalumu peke yao ni zaidi ya robo ya Bunge. Nilimuuliza kwa nini hakuna hata mmoja kati yao aliyesimama na muswada akaubeba hadi mwisho.

"Hilo swali si la kwangu," alisema, akanisogezea kaunta buku na kalamu. "Liandike, upande wa kushoto, ulipeleke Dodoma."