Kabla ya kumnunulia mtoto kishikwambi, mpeleke apimwe macho

WAZAZI wengi siku hizi wanapopokea barua ya mahitaji ya muhula hukuta jambo ambalo wao wenyewe hawakulijua walipokuwa shuleni. Chini ya sare, viatu vyeusi, madaftari na karatasi za shashi, huwa kumeandikwa kishikwambi, yaani ile kompyuta bapa ambayo wengi huiita tabuleti. Baadhi ya shule za kibinafsi hudai kifaa hiki waziwazi. Katika shule za umma jambo lenyewe huja kimyakimya. Mwalimu hutuma kazi ya ziada katika kundi la WhatsApp, mtoto hutakiwa kutazama video au kupiga picha ya kitu alichokitengeneza, na asiye na simu nyumbani hubaki nyuma.

Hapa Rodi Kopany, kwenye njia panda ya barabara za Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, wazazi huniuliza swali moja mara kwa mara: "Daktari, hiki kioo hakitampofusha mtoto wangu?" Ni swali linalowahusu pia wasomaji walioko Nairobi, Nakuru au Mombasa, ambao hutuma simu nyumbani ili watoto wanaolelewa na nyanya zao wasipitwe na masomo.

Jibu ni hapana. Mwanga wa simu au kishikwambi haupofushi. Hata hivyo madhara mengine yapo, na mengi hayatokani na kifaa chenyewe. Hutokana na muda kinaotumiwa, saa kinapotumiwa, na hali ya macho ya mtoto kabla hajakishika.

Tulivyofika hapa

Mwaka 2013 serikali iliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta. Ugawaji ulianza mwaka 2016, na badala ya kompyuta za kawaida shule za msingi za umma zikapewa vishikwambi, zaidi ya milioni moja kwa jumla. Vifaa hivyo vilinunuliwa na serikali na vilikaa shuleni chini ya ulinzi wa mwalimu.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na wanafunzi wote hawakurudi hadi Januari 2021. Masomo yalihamia kwenye redio, televisheni na simu. Wakati huohuo mtaala wa umilisi, uliokuwa umeanza nchini kote mwaka 2019, uliwataka wazazi washiriki katika kazi za watoto, jambo ambalo mara nyingi lilimaanisha safari ya saiba kuchapisha picha. Hivyo ndivyo mzigo wa kifaa ulivyotoka mikononi mwa serikali ukaingia mfukoni mwa mzazi. Pamoja na gharama hiyo, mzazi alibebeshwa pia kazi ya kulinda afya ya mtoto anayekitumia, na kazi hiyo hakuna aliyemfunza.

Jicho hufanya kazi gani?

Ndani ya jicho mna lenzi iliyozungukwa na misuli midogo. Tunapotazama mbali, tuseme mlima au ng'ombe malishoni, misuli hiyo hupumzika. Tunapotazama kitu kilicho karibu hujikaza ili lenzi ivimbe na kuifanya picha iwe wazi. Mtoto anayetazama simu iliyo umbali wa shubiri moja kutoka usoni kwa saa mbili mfululizo ni kama mtu aliyebeba ndoo ya maji saa mbili bila kuitua. Macho huchoka, kichwa huuma sehemu ya mbele, na akiinua uso huona ukungu kwa muda.

Kuna jambo la pili. Kwa kawaida mtu hupepesa macho yapata mara 15 kwa dakika, na kila kupepesa hupaka machozi juu ya jicho ili lisikauke. Tukikodolea kioo, idadi hiyo hushuka ikawa nusu au chini ya hapo. Matokeo yake ni macho mekundu yanayowasha, na mtoto huyasugua kwa vidole vichafu. Wazazi wengi hukimbilia dawa za matone kwenye duka la dawa, ilhali dawa iliyohitajika ni mapumziko. Nawasihi msimtie mtoto matone yoyote bila kupimwa. Matone yenye dawa za jamii ya steroidi, yakitumiwa ovyo, yanaweza kuleta mtoto wa jicho au presha ya jicho, na hiyo ndiyo inayopofusha.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Mboni ya jicho la mtoto bado inakua. Ikirefuka kupita kiasi, mtoto huwa haoni mbali, na hali hiyo hairudi nyuma. Katika miji ya Asia ya Mashariki, vijana wapatao 80 kwa kila 100 humaliza shule ya upili wakiwa na tatizo hili. Kwetu Afrika Mashariki ni wachache zaidi, na mojawapo ya sababu ni kwamba watoto wetu hucheza nje. Mwanga mkali wa mchana huifanya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, itoe kemikali inayozuia jicho kurefuka ovyo. Huko Guangzhou, China, watafiti waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu watoto waliopata tatizo hilo walikuwa 30 kwa kila 100, na wale ambao hawakuongezewa muda walikuwa karibu 40.

Kwa hiyo mzazi anapohesabu saa za kifaa, ahesabu pia saa za jua. Mtoto aliyetoka shule akajifungia chumbani na kishikwambi hadi giza liingie amepoteza vyote viwili.

Mtoto anayependa simu kupita kiasi

Mtoto asiyeona mbali hushindwa kusoma ubao. Mwalimu humwita mzembe, naye hukata tamaa. Akipewa simu, ghafla kila kitu ni wazi, kwa kuwa kitu kilicho karibu anakiona vizuri. Hapo mzazi husema, "Mtoto huyu anapenda simu tu, vitabu hataki," kumbe simu ni mojawapo ya vitu vichache anavyoviona. Kifaa kilichonunuliwa ili kumsaidia huuficha ugonjwa wake. Kuna pia mtoto ambaye jicho moja ni zima na jingine ni dhaifu. Huyu husoma kwa jicho zima bila yeyote kugundua, na asipotibiwa angali mdogo jicho lile dhaifu huzoea uvivu na huenda lisipone tena.

Ndiyo maana nasema kipimo cha macho kitangulie kifaa. Ajabu ni kwamba simu yenyewe imewahi kutumiwa nchini kwetu kwa kazi hiyo. Katika kaunti ya Trans Nzoia, walimu wa shule za msingi walipima macho ya watoto kwa programu ya simu iitwayo Peek, katika utafiti wa shule 50 uliochapishwa mwaka 2018. Wazazi wa watoto waliopatikana na kasoro walipewa picha iliyoonyesha jinsi ubao unavyoonekana kwa mtoto wao, na wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Kati ya watoto hao, 54 kwa kila 100 walifikishwa hospitalini. Pale ambapo chati ya kawaida na barua tupu zilitumiwa, walifika 22 tu. Simu moja ya mwalimu iliwafaa mamia ya watoto, na hakuna mzazi aliyetakiwa kununua chochote.

Kazi ya nyumbani saa tatu usiku

Katika nyumba nyingi simu yenye intaneti ni moja, nayo ni ya baba au mama. Ikiwa baba ni mwendeshaji bodaboda, simu hiyo ndiyo ofisi yake na hurudi nyumbani usiku. Basi mtoto hungoja. Saa mbili au saa tatu usiku ndipo anapoanza kazi ya shule, katika chumba chenye taa hafifu au kibatari, akiinamia kioo kinachong'aa.

Ubongo hutambua usiku kwa kukosa mwanga, kisha hutoa homoni ya usingizi iitwayo melatonini. Mwanga wa kioo huichelewesha, na watoto huathirika zaidi ya watu wazima kwa sababu lenzi zao ni angavu na mboni zao hufunguka zaidi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akilala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri, amepata saa saba. Asubuhi husinzia darasani, hukasirika upesi, na yale aliyojifunza hayakai, kwa kuwa ubongo huyapanga na kuyahifadhi wakati wa usingizi. Mzazi amegharamia bando na mtoto amepoteza somo.

Shingo nayo huteseka. Mtoto aliyelala kifudifudi kitandani au aliyeinamia simu mapajani huanza kulalamikia maumivu ya mabega. Kifaa kiwekwe mezani, kiegemezwe kwa vitabu ili kiinuke, na miguu ya mtoto iguse sakafu.

Ufanye nini, mzazi?

Kwanza, mpime mtoto. Nyumbani unaweza kumtaka afunike jicho moja kwa kiganja, asome maandishi ya bango lililo ng'ambo ya barabara, kisha abadilishe jicho. Jicho moja likishindwa kusoma kile ambacho jingine limesoma, au akifinya macho, akiinamisha kichwa upande mmoja, au akiumwa na kichwa kila jioni, usingoje. Wakazi wa huku waanzie hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Homa Bay. Ipo pia Hospitali ya Macho ya Sabatia katika kaunti ya Vihiga.

Pili, fuata kanuni ya ishirini. Kila baada ya dakika 20 mtoto aondoe macho kwenye kioo, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Mlangoni au dirishani panatosha. Kifaa kiwe mbali na uso kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Tatu, zima kifaa saa moja kabla ya kulala, na kisilale chumba kimoja na mtoto. Usikubali kichajiwe chini ya mto au juu ya godoro, kwani betri ikipata joto huweza kuwaka.

Nne, usinunue miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inayouzwa barabarani. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2023 haukupata ushahidi kwamba hupunguza uchovu wa macho kwa wanaotumia kompyuta. Weka pesa hizo kwa miwani halisi iwapo daktari wa macho ataiagiza.

Tano, zungumza na shule. Mkutano wa wazazi si wa karo pekee. Uliza kifaa kitatumiwa saa ngapi kwa siku, kazi itatumwa saa ngapi, je, inaweza kuandikwa ubaoni au kwenye daftari kwa wasio na simu, na je, mapumziko ya kucheza nje yamebaki palepale. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule ya umma kumzuia mtoto kuhudhuria masomo kwa sababu mzazi hakuweza kulipa ada za ziada. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa kifaa hupata aibu na hofu ya shule, na hayo pia ni maradhi.

Sikatazi teknolojia. Mtoto asiyeweza kushika kalamu anaweza kuandika kwa kugusa kioo, na asiyeona vizuri anaweza kukuza herufi. Lakini Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilitahadharisha kwamba ushahidi wa faida za vifaa hivi darasani ni haba. Uswidi, nchi tajiri iliyovitumia kwa miaka mingi, ilianza mwaka huohuo kurudisha vitabu vya karatasi kwa watoto wadogo.

Iwapo basi pesa ulizonazo hazitoshi kwa kila kitu, panga hivi: chakula na chandarua, kipimo cha macho, miwani ikihitajika, vitabu, kisha kishikwambi. Mtoto anayeona vizuri na aliyelala vya kutosha atajifunza hata kwa chaki na ubao. Asiyeona na asiyelala hatasaidiwa na kifaa cha bei yoyote.