Maajabu ya Kale: Nazi Iliyodhaniwa Kuota Chini ya Bahari

Makala iliyopita ilihusu zile pembe ndefu zilizothaminiwa na wafalme wa Ulaya, hadi Ole Worm wa Copenhagen alipoonyesha mwaka 1638 kwamba ni meno ya narwali, nyangumi wa bahari ya barafu. Leo tuitazame Bahari ya Hindi.

Katika fukwe za Maldivi, mawimbi yalitupa mara chache nazi kubwa ajabu, kifuu chake cheusi kikiwa kama viwili vilivyoungana. Hakuna aliyeujua mti wake. François Pyrard, Mfaransa ambaye jahazi lake lilivunjika huko mwaka 1602, aliandika kwamba kila aliyeiokota alipaswa kuipeleka kwa mfalme. Mtu akitajirika ghafla, watu walisema ameokota nazi hiyo na kuificha. Huko Ulaya nazi hiyo iliaminika kuwa dawa ya sumu. Kule Praha mwaka huohuo, sonara Anton Schweinberger aliitengeneza moja kuwa birika la fedha kwa ajili ya Kaisari Rudolf II, nalo lingali Vienna.

Wasomi walisemaje? Garcia de Orta, tabibu Mreno wa Goa, alieleza katika kitabu chake cha 1563 kwamba huenda minazi hiyo ilikuwa ya nchi iliyozama. Rumphius, aliyeichunguza mimea ya Ambon na kuendelea na kazi hata baada ya kupofuka mwaka 1670, aliamini ni tunda la mti unaoota baharini. Sikubaliani na wanaowacheka. Walikuwa na ushahidi wa aina moja tu: nazi iliyotoka majini. Visiwa vyote walivyovifahamu vilikwisha kutazamwa, na mti haukuonekana. Kwa nini wasiamini kwamba uko chini?

Siri ilikuwa katika uzito. Hii ndiyo mbegu nzito kuliko zote duniani. Moja yaweza kupita kilo 15. Ikidondoka baharini ikiwa hai, huzama moja kwa moja. Huelea baada ya kiini kuoza na kifuu kubaki mtupu, ndipo mkondo ukaichukua hadi Maldivi. Kwa hiyo kila nazi iliyomfikia msomi ilikuwa imekwisha kufa. Hata angeipanda, isingechipua, na njia ya kuujua mti kwa kuuotesha ilikuwa imefungwa.

Mti wenyewe ulikuwa Shelisheli, visiwa ambavyo wakati huo havikuwa na wakazi. Mwaka 1768 kundi la Wafaransa lililotumwa na Marion Dufresne lilifika Praslin, na mpimaji Barré akaikuta minazi yenyewe msituni, mingine ikizidi mita 30, ya kiume mbali na ya kike, tunda likichukua miaka sita au saba kukomaa. Inaota kiasili Praslin na kisiwa jirani cha Curieuse tu. Muda si mrefu shehena zikapelekwa India, na bei ya nazi iliyokuwa hazina ya wafalme ikaporomoka.

Makala ijayo: twiga wa Malindi aliyefikishwa China mwaka 1415.