Leseni ya Rubani Ipo, Kazi Je?

Mzazi wa Bukoba au Muleba anayefikiria kutoa mapato ya kahawa ya misimu kadhaa, au kukata kipande cha kibanja, ili mtoto asomee urubani, ana hesabu mbili za kupiga: ya leseni na ya ajira. Wengi hupiga ya kwanza tu.

Leseni ya rubani wa biashara hutaka umri wa miaka 18, cheti cha afya cha daraja la kwanza na saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Vijana wetu huzitafuta Soroti nchini Uganda, kwenye chuo kilichoanzishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1971, au Nairobi katika uwanja wa Wilson, au Afrika Kusini. Gharama hufikia makumi ya maelfu ya dola.

Hapo ndipo hesabu ya pili huanza. Ndege za pangaboi zinazotua Bukoba, ATR za Precision Air na Q400 za Air Tanzania zenye viti 76, hurushwa na marubani wawili, na kila mmoja lazima awe na idhini ya aina hiyo ya ndege. Mafunzo yake ni ghali. Nayo leseni ya juu, inayohitajika kwa kapteni wa ndege kama hizo, hutaka saa 1,500. Mji uliowaaga watu 19 baada ya ndege kuanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022 hauwezi kuomba masharti hayo yalegezwe.

Nafasi zenyewe hupanda na kushuka. Tangu 2016 Air Tanzania imepokea Q400, Airbus A220, Boeing 787 na 737 MAX, na kila ndege mpya huhitaji jozi kadhaa za marubani. Lakini Fastjet Tanzania ilisimama mwishoni mwa 2018, korona ikasimamisha ndege nyingi duniani mwaka 2020, na mwishoni mwa 2022 hitilafu za injini zikazuia baadhi ya A220 kuruka. Kampuni ikianguka, marubani wenye maelfu ya saa hurudi sokoni na kupanga foleni moja na kijana mwenye 200.

Mlango wa kweli kwa anayeanza ni mdogo: Cessna Caravan zinazobeba watalii kwenda Serengeti na Zanzibar, au kufundisha wanafunzi wapya. Mshahara si mnono, ila saa zinaongezeka.

Kwa hiyo, mzazi, mpeleke kwanza mtoto kwa daktari wa usafiri wa anga kabla ya kulipa ada. Kisha usimalize akiba yote kwenye leseni. Bakiza ya kumtunza mwaka mmoja au miwili ya kutafuta kazi, ya kupima afya upya na ya kumweka angani asisahau kazi. Kama fedha hiyo haipo, kibanja kisiuzwe bado.