Mpira wa kooni: anauweka nani, na kwa kifaa gani?

Vikundi vingi hapa Masinga vimewahi kuchangia mgonjwa aliyelazwa wodi ya mahututi. Daktari anasema anataka kumwekea mpira kooni, na jamaa wanakataa kutia sahihi. "Huo mpira ndio huua," wanasema. Hapana. Huwekewa yule ambaye kupumua kumeshaanza kumshinda, ndiyo sababu wengine hufa wakiwa nao.

Lakini tusidanganyane, kazi yenyewe ni ya hatari. Kooni kuna njia mbili, ya hewa na ya chakula. Mpira ukipotea ukaingia ya chakula, hewa inaenda tumboni, na kwa dakika chache tu ubongo unaharibika. Kila jaribio linalorudiwa linazidisha hatari.

Kwa miaka mingi mhudumu ameinua ulimi kwa chuma chenye taa, laringoskopu, huku akichungulia kwa jicho. Siku hizi iko yenye kamera ndogo. Koo linaonekana kwenye skrini, na mwalimu aliyesimama kando anaona kile anachoona mwanafunzi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka wa 2023 ulihusu wagonjwa mahututi 1,417. Kwa kamera, kama 85 katika kila 100 walifanikiwa jaribio la kwanza. Bila kamera, 71. Waliosaidika zaidi ni wahudumu ambao hawajaweka mipira mingi. Kwa mzoefu tofauti ilikuwa ndogo.

Sisi hilo latuhusu, maana Kenya madaktari bingwa wa nusukaputi ni wachache, na kazi kubwa hufanywa na maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea. Lakini kamera ikifunikwa na damu au matapishi haionyeshi kitu, na kupitisha mpira bado ni kazi ya mkono. Kwa hivyo mkiombwa sahihi, ulizeni kwa heshima: nani ataweka, na kuna mzoefu karibu?

Na nyinyi mna kazi yenu kabla ya gari kufika Matuu, Thika au Machakos. Aliyezimia na bado anapumua alazwe kwa ubavu, isipokuwa ameumia shingo. Asipewe maji wala uji. Mwambieni daktari alikula saa ngapi na kama ana jino linalolegea. Meno ya bandia mwonyesheni mapema, akiyatoa myafunge kwenye leso.