Ufundi wa Mwili (Sehemu ya Tatu): Kipembe cha Mtoto na Raketi ya Bingwa

Tangu Jannik Sinner wa Italia amshinde Carlos Alcaraz wa Hispania kwenye fainali ya Wimbledon, Jumapili ya tarehe 13 Julai 2025, vijana wa tenisi ninaofahamiana nao hawana mazungumzo mengine. Simu zao zimejaa vipande vya video. Wanavitazama kwa mwendo wa polepole, wanavisimamisha pale raketi inapougusa mpira, wanavirudisha nyuma, kisha wanaingia kiwanjani na kuupeleka mpira ng'ambo ya uzio. Mmoja ameniandikia kuuliza kuna faida gani kumtazama bingwa, ikiwa akijaribu pigo la bingwa anaharibu hata lile alilokuwa nalo.

Faida ipo, tena kubwa. Ila kuiga nako kuna elimu yake. Habari za mshiko wa raketi na mkao wa miguu tulizimaliza katika sehemu mbili zilizotangulia, sizirudii. Kwa hili la kuiga sina budi kuanzia hapa kwetu Unyanyembe, Tabora, si London. Mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalichezwa mwaka 1877. Miaka 20 kabla ya hapo mafundi wa mwili walikuwa wakipita hapa Tabora kila kiangazi, pembe za ndovu begani, na watoto wao wakiwatazama.

Namsema mpagazi wa Kinyamwezi. Mwingereza Richard Burton aliondoka Kaole mwezi Juni 1857 akafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Alikuwa mtu wa dharau nyingi, lakini jicho lake lilikuwa kali, na wachache walituachia maelezo mengi kama yeye juu ya jinsi msafara ulivyopangwa na mizigo ilivyofungwa. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na bendera yake na mapambo yake ya ngozi na manyoya. Wakafuata wabeba pembe, na mwenye pembe kubwa ndiye aliyetembea mbele kwa majivuno, kengele ikilia kwenye ncha ya pembe yake. Baada yao wabeba vitambaa na shanga, kisha wenye mizigo myepesi. Mzigo wa kawaida haukuzidi frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32, na mtu aliubeba kutoka pwani hadi hapa, mwendo wa zaidi ya kilomita 800.

Tazama sasa ufundi wenyewe. Mtu wa pwani alibeba kichwani. Mnyamwezi alipenda bega. Mtumba wa kitambaa ulikazwa ukawa mrefu na mwembamba, mfano wa mto wa kulalia, ukafungiwa fito zilizochomoza upande mmoja na kufanya panda. Panda hiyo ilikuwa na kazi. Mpagazi alipofika mahali pa kupumzika hakuutupa mzigo chini; aliuegemeza kwenye mti ukiwa wima, hivyo kitambaa hakikugusa tope, na alipoondoka hakulazimika kuinama na kuinua kilo 32 kutoka ardhini. Aliingiza bega chini yake, akanyoosha magoti, akaenda. Mgongo ulikuwa umeokolewa kabla ya hatua ya kwanza. Daktari yeyote wa mifupa atakwambia kuwa hapo ndipo wabebaji wengi wanapoumia, katika kuinua, kabla hata ya kutembea.

Ufungaji huo ulikuwa stadi ya kuaminika hata kwa siri. Mwaka 1873, Chuma na Susi, watumishi wa msafiri David Livingstone, na wenzao walipokuwa wakiupeleka pwani mwili wake, walipokwisha kuipita Tabora walikuta kuna hatari ya kuzuiwa njiani kwa sababu wamebeba maiti. Wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa kitambaa, wakapita, na mwezi Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Wageni wakienda Kwihara, karibu na Tabora, kulitazama tembe alilokaa Livingstone huelezwa habari za Livingstone na za Stanley aliyekuja kumtafuta. Habari za kamba na fito hawaelezwi. Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe kwenye orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia, na ni haki, maana watumwa walipita hapa na machozi yao hayafutiki. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa alikuwa mtu huru aliyepatana ujira wake, na akidhulumiwa aliweza kuuacha mzigo akarudi kwao. Mwanahistoria Stephen Rockel alimwandikia kitabu kizima mwaka 2006. Sisi tulio wajukuu wake hatujamwekea hata kibao kimoja. Hilo nimelisema mara nyingi na nitaendelea kulisema.

Turudi kwenye kuiga. Burton aliona jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha makala haya. Aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walikwisha kubeba kipembe kidogo begani. Akawalinganisha na watoto wa mbwa wa kuwinda, kana kwamba kazi ile walizaliwa nayo. Hapo jicho lilimsaidia lakini akili ikamtupa. Kama ingekuwa silika, kipembe cha nini? Mtu aliyemchagulia yule mtoto kipembe kinacholingana na bega lake alikuwa mwalimu. Alijua kwamba mtoto akitwishwa pembe ya baba yake hatajifunza mwendo wa baba yake; atajifunza kupinda mgongo na kuyumba. Akipewa kipembe, anaweza kumfuata baba nyuma, aone mguu unavyokanyaga na bega linavyopokea, na kuiga kitu kile kile kwa kipimo chake. Miaka inapopita kipembe kinakua pamoja naye. Hiyo ni shule yenye madarasa, na ilidumu mpaka reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912 na kuufanya mzigo wa begani uwe kazi ya kizamani.

Dharau ile ile ya Burton imevaa suti siku hizi na inaitwa kipaji. Mtangazaji anamwona Roger Federer anapiga mpira kana kwamba hatumii nguvu, anasema amezaliwa nacho. Rafael Nadal huandika kwa mkono wa kulia na alicheza tenisi yake ya kulipwa kwa mkono wa kushoto. Sijui hicho nacho alizaliwa nacho wapi. Sinner alikuwa bingwa wa watoto wa Italia katika kuteleza kwenye theluji kabla hajaichagua tenisi, na akiwa na miaka 13 alihama kwao milimani kwenda kufundishwa Bordighera, pwani ya Italia. Ukimwona leo anateleza kwa mguu mmoja huku kiwiliwili kimetulia, unaona miaka ya mafunzo iliyofanyika mahali pengine na kwa chombo kingine.

Kuna uchunguzi mmoja wa Afrika Mashariki ambao kila anayejifunza mchezo angefaa kuujua. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake waliopima pumzi za wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wakiwa wamebeba mizigo, Wajaluo kichwani, Wakikuyu kwa kamba ya kwenye paji la uso. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 baadhi ya wachunguzi hao walieleza sababu. Kila hatua mwili hupanda kidogo na kushuka kidogo, na nguvu ya kushuka hugeuka kuwa mwendo wa kwenda mbele. Sote tunapoteza sehemu ya nguvu hiyo katika mgeuko. Akina mama wale walipunguza upotevu huo walipokuwa na mzigo. Wachunguzi wengine walipopima baadaye huko Afrika Kusini hawakuona nafuu kama hiyo, na ubishi haujaisha. Lakini kama maelezo yale ni ya kweli, siri yote ilikaa katika kipande kifupi cha hatua ambacho hakuna mpita njia anayekitazama. Mpita njia anautazama mtungi.

Na kijana wa simu anaitazama raketi. Mpira hukaa kwenye nyuzi za raketi kwa sehemu nne au tano tu kati ya elfu moja za sekunde, basi. Hakuna binadamu anayeweza kufanya uamuzi ndani ya muda huo, wala kurekebisha chochote. Ile picha unayoisimamisha kwa shauku, ya nyuzi zikibonyea, inakuonyesha matokeo ya mambo yaliyokwisha kutendeka. Rudisha video nyuma sekunde moja. Mpinzani anapokaribia kupiga, bingwa anaruka kidogo na kutua kwa miguu yote miwili, tayari kwenda upande wowote. Kisha mabega yanageuka mapema sana, mpira ukiwa bado mbali. Kisha mguu unasukuma ardhi, nyonga inazunguka, kifua kinafuata, mkono unakuja mwisho kabisa kama aliyeitwa. Wakati wa kugusa, mpira uko mbele ya mwili na kichwa kimetulia. Kwa Federer utaona uso umebaki pale pale hata mpira ulipokwisha kuondoka.

Njia yangu ya kuchuja ni nyepesi. Chukua mabingwa watatu au wanne wasiofanana: Serena Williams, Federer, Nadal, Sinner. Jambo wanalolifanya wote, ni msingi, liige. Jambo analolifanya mmoja peke yake, ni lake, mwachie. Ile raketi ya Nadal inayozunguka juu ya kichwa baada ya pigo ni ya Nadal. Mwalimu wa Kimarekani John Yandell alipopima kwa kamera za kasi kubwa aliona mpira wa Nadal unazunguka kwa wastani wa mizunguko 3,200 kwa dakika, wa Federer 2,700, wakati kizazi cha Pete Sampras na Andre Agassi kilikuwa kati ya 1,800 na 1,900. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na nyuzi za poliesta zilizoenea baada ya Gustavo Kuerten kuzitumia kushinda Paris mwaka 1997. Kijana mwenye raketi ya kuazima, yenye nyuzi zilizolegea tangu mwaka juzi, akizungusha mkono juu ya kichwa anapata maumivu ya bega. Amejitwisha pembe ya mtu mwingine.

Nami sipendi kuficha: madoido ndiyo yanayowavuta vijana wetu, na si kwenye tenisi tu. Kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hapa Tabora nimewaona wakiiga namna mchezaji anavyoshangilia bao kabla hawajajua kutuliza mpira. Kelele za mwisho wa kazi zinaigwa na kila mtu. Mwanzo wa kazi unaigwa na wachache, na hao ndio baadaye tunawaita wenye vipaji. Angella Okutoyi wa Kenya alishika raketi akiwa na miaka minne. Mwaka 2022 akatwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon, na Machi 2024 dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra. Video zake pia zipo, na zinastahili kutazamwa hapa kwetu kuliko zinavyotazamwa.

Nafasi inaniishia na sijasema la kufanya. Shirikisho la tenisi la dunia limeshaujua ukweli wa kipembe. Tangu Januari 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kwenda chini hayaruhusiwi kuchezwa kwa mpira wa kawaida wa njano. Kuna mwekundu, ambao mwendo wake ni pungufu kwa asilimia 75, wa rangi ya chungwa, pungufu kwa asilimia 50, na wa kijani, pungufu kwa asilimia 25. Kiwanja cha mpira mwekundu kina urefu wa mita 11 hivi, badala ya 23.77, na raketi nazo ni fupi. Kwa vifaa hivyo mtoto anaweza kugeuza bega na kuupiga mpira mbele ya mwili kama Sinner anavyofanya, kwa sababu mpira unamsubiri. Kiwanja cha mita 11 kinaenea kwenye uwanja wa shule yoyote ya msingi, na wavu unaweza kuwa kamba. Kwa hiyo mfadhili anayetaka kuchangia tenisi Tabora asituletee raketi kubwa za bei mbaya. Alete mipira myekundu, mingi.

Nanyi watu wazima, mpira wa kijani hauna aibu. Pigeni nao mpaka mabega yajue kugeuka. Katika sehemu ya nne tutashughulikia pigo la kuanzishia mchezo. Kabla ya hapo kila mwenye simu amwombe mwenzake amrekodi akicheza, kutoka nyuma na kutoka ubavuni, aje na video yake mwenyewe.