Digrii 1 Kati ya Mpira na Shimo

Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na mpira una takriban milimita 43. Kwa macho, nafasi ni tele. Sasa chukua mkwaju wa mita 3 kwenye grini tambarare. Uso wa fimbo ukipinda kwa digrii 1 tu unapougusa mpira, mpira utafika shimoni ukiwa umepotoka karibu sentimita 5. Kutoka katikati ya shimo hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Mpira unaotambaa huenda ukadondoka. Wenye kasi utalamba ukingo na kupita zake. Ukipinda digrii 2, umekosa.

Kwa hiyo anayekosa mikwaju mifupi hasaidiki kwa kuambiwa atulize mikono. Anahitaji kitu cha kumpa jibu papo hapo, na zoezi la geti linafanya kazi hiyo vizuri mno. Chomeka vijiti viwili vya tii sentimita 50 mbele ya mpira, ukiacha nafasi ya sentimita 6 kati yake. Mpira unabakiwa na chini kidogo ya sentimita 0.9 kila upande, na kwa umbali huo hiyo ndiyo digrii 1. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, ukigonga kijiti cha kulia, uso wa fimbo ulikuwa wazi. Cha kushoto, ulikuwa umefungwa. Ukipita katikati kila mara na bado shimo linakukataa, iache mikono ipumzike: kosa liko kwenye kusoma mteremko, au kwenye kasi.

Kasi nayo ina hesabu yake. Mwaka 1991 mwanafizikia Brian Holmes alionyesha kwamba hata mpira unaolenga katikati kabisa huruka shimo ukizidi mita 1.63 kwa sekunde. Ukiingilia pembeni, kiwango hicho hushuka. Anayepiga kwa nguvu analipunguza shimo mwenyewe.

Kwa mikwaju mirefu, ugonjwa unaowatesa wengi ni mpira unaokata kulia, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Mpira huanza safari karibu na pale uso wa fimbo unapoelekea, kisha hujikunja kuikimbia njia ambayo fimbo imepita. Mchezaji anaona mpira unakwenda kulia, basi mkwaju unaofuata anaivuta fimbo kushoto zaidi ili kuurudisha. Pengo kati ya uso na njia linapanuka, na mpira unakata vibaya kuliko mwanzo. Tiba aliyojiandikia ndiyo inayoulisha ugonjwa. Inasikitisha, kwa sababu mtu huyu anajitahidi kweli.

Kumweleza hakutoshi. Fimbo inaposhuka, inachukua kama robo ya sekunde kuufikia mpira, na mguso wenyewe hudumu takriban nusu ya sehemu ya elfu ya sekunde. Hakuna nafasi ya kuwaza na kurekebisha njiani. Basi chukua boksi tupu la mipira, uliweke sentimita chache upande wa pili wa mpira, mbali nawe, na kama shubiri moja nyuma ya mpira. Fimbo inayotoka nje kuja ndani italigonga. Anza polepole, nusu ya mzunguko, na hakikisha unaona vifundo viwili au vitatu vya mkono wa kushoto unapoishika fimbo.

Ubora wa boksi na vijiti ni kwamba vinaitoa akili mwilini. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha wanaoanza mikwaju mifupi ya juu: kundi moja liliangalia mwendo wa mikono, jingine mwendo wa fimbo. Waliofuata fimbo walilenga vizuri zaidi, hata walipopimwa siku iliyofuata.

Ila geti likishapitika, usiendelee kupiga ndoo nzima kutoka mahali pamoja. John Shea na Robyn Morgan walibaini mwaka 1979, katika jaribio la miendo ya mkono, kwamba waliorudia kitu kimoja mfululizo walifanya vizuri mazoezini, lakini baada ya siku 10 walizidiwa na waliochanganya. Chukua mpira mmoja. Piga mita 2, kisha 9, kisha 4, kila mara shimo jingine na mteremko mwingine, ukiusoma upya kabla ya kupiga. Utakosa zaidi kuliko ulivyozoea kwenye mazoezi, na uwanjani, siku ya mashindano, hutapewa mkwaju ule ule mara mbili.